Mtoto Analala Wapi?

Binti yake Leonidas alinipigia simu kutoka Bujumbura nikiwa kwenye foleni ya benki pale Mwanga, Kigoma mjini. Ilikuwa namba ya nje, na kwa kuwa siku hizi namba za nje ni za matapeli, nilipokea bila kusema kitu, nikamwacha aanze yeye. Alianza kwa salamu ndefu ya Kirundi, kisha akahamia Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa huko kwao, akasema baba yake amefariki Jumapili baada ya misa, akiwa ameketi kwenye kiti chake. Sikumpa pole. Nilimwuliza kwanza baba yake alikuwa akiweka wapi miwani alipokuwa akila. "Kwenye mfuko wa shati, mama, halafu anaitafuta nyumba nzima," alisema. Hapo ndipo nilipoamini. Nilitoka kwenye foleni, nikakaa kwenye ngazi za duka la vipuri, nikalia na mimi. Baadaye, machozi yalipokauka, nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayempima mfiwa kabla ya kumpa pole. Jibu nalijua. Mtu huyo alitengenezwa hapa hapa Kigoma, katika mwaka mmoja, ndani ya nyumba ya kupanga yenye meza moja, na Leonidas alikuwa mmoja wa watu watatu waliokula kwenye meza hiyo.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nimeingia ofisi ya ustawi wa jamii kwa kipindi cha majaribio, na mkuu wetu alinipa kazi ambayo wakubwa wangu waliikwepa. Shirika moja la Ulaya lilitaka kulinganisha jinsi nchi tatu zinavyowashughulikia watoto wanaoishi bila wazazi wao: Norwe, Burundi na Tanzania. Walichagua Kigoma kwa sababu kwenye mwambao huu Muha, Mrundi na mtu mwenye asili ya Kongo huchota maji kwenye bomba moja, na sisi wa hapa tuliona jambo hilo ni la kawaida mno kustahili nauli ya ndege. Norwe ilimtoa Marit, mama wa makamo, mrefu, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Burundi ilisemekana imemtoa Leonidas, ingawa ukweli ni kwamba hakuna aliyemtoa. Alikuwa mkimbizi, aliyewahi kufanya kazi yetu hii kwao na sasa akiifanya kambini, na shirika lilimwokota huko. Tanzania ilinitoa mimi, binti wa Mwandiga, niliyeona ziwa karibu kila siku ya maisha yangu nikiwa juu barabarani, na sikuwahi kulala kando yake.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulizunguka nyumba kwa nyumba Ujiji na Kibirizi, tukauliza maswali yaleyale kila mahali, na jioni tukalinganisha. Swali la kwanza lilikuwa la Marit, naye hakukubali lishuke hata nafasi moja: mtoto analala wapi? "Nikijua kitanda cha mtoto," alituambia, "nimejua nusu ya habari zake." Kwao, alisema, kila mtoto ana kitanda chake, na mara nyingi chumba chake, na mtoto anayelala leo hapa kesho pale ni mtoto ambaye kuna mtu ameshindwa kumtunza. Nililiandika swali hilo juu ya kila ukurasa kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipenda mpangilio. Bado naupenda, lakini sasa nikiona mambo yamepangika sana huanza kutafuta ni nani aliyeyapanga.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko la Mwanga. Marit alilala chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, ambalo alilifungua kila asubuhi na Mama Pili, mpishi wetu, akalifunga kila mchana kwa ajili ya vumbi. Leonidas aligeuza kitanda chake kitazame mlango, na begi lake lilikaa limefungwa miguuni pa kitanda mwaka mzima, kama vile basi linaondoka saa yoyote. Chumba changu kilipakana na jiko, na ukuta wake haukufika juu, kwa hiyo nilisikia yote yaliyosemwa na Mama Pili na wageni wake wa uani. Wiki ya kwanza tu nilimsikia jirani akimwuliza tumekuja kufanya nini.

"Wanauliza habari za watoto," alisema Mama Pili.

"Wanawataka wa nini? Wa kupeleka Ulaya?"

"Mimi najua? Nimeajiriwa kusonga ugali."

"Na yule Mrundi je?"

"Yule mpole. Anakula, anashukuru, anatafuta miwani."

"Na yule binti wa Mwandiga?"

"Yule anaandika."

"Ee! Basi huyo ndiye wa kumwogopa."

Walicheka. Nami nikiwa nimelala chali nikitazama mabati, nilijisikia nimeonewa. Leo nadhani yule jirani alikuwa na jicho zuri kuliko sisi sote.

Mezani ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Mama Pili alileta ugali wa muhogo, samaki wa mgebuka kwa mawese, siku nyingine sombe, yaani kisamvu, na maharage, na sisi tulizilinganisha nchi zetu huku vidole vikiwa vya rangi ya chungwa. Marit alisema matatizo ya kwao hayaonekani kutoka barabarani. Nyumba zina joto, friji zimejaa, na ndani mama anakunywa pombe peke yake, au mtoto hajazungumza na mtu tangu Ijumaa. "Jirani akisikia mtoto analia sana, anapiga simu ofisini," alisema.

"Hagongi mlango?" nilimwuliza.

"Hagongi. Ananipigia mimi. Na mimi nikifika, wazazi wanafunga mapazia."

"Kwa hiyo na wewe wanakuogopa," alisema Leonidas, kwa sauti ya mtu aliyepata ndugu.

"Sana. Na kwenu?"

"Kwetu kuna miaka jirani akisikia mtoto analia, anazima taa." Alichambua mwiba mdogo, akauweka pembeni mwa sahani. "Na Mwandiga, Dada Veneranda?"

"Mwandiga jirani anakuja mwenyewe kuuliza mmemchapa kwa nini, na akiiona sababu ni nzuri anamwongezea."

Marit alicheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kuliandika. Nilimwomba asiliandike. Alisema hataliandika, na kalamu ikaendelea kutembea.

Leonidas alikuwa na namna yake ya kuuliza, na mwanzoni ilinikera. Hakumwuliza mtu jina la ukoo wala kwao ni wapi. Tulipokuwa tunarudi kutoka Ujiji siku moja nilimwambia kwamba nusu ya kurasa zake ni tupu. Alinijibu kuwa kwao ukimwuliza mtu swali hilo, naye anabaki akijiuliza unataka kumfanya nini, na wako waliouliza wakijua wanachotaka kufanya. Kwangu mimi, niliyekua nikiulizwa "wewe wa nani?" na kila mama niliyepishana naye barabarani, swali hilo lilikuwa nusu ya salamu. Watu watatu, karatasi moja, na swali lilelile kwa mmoja ni adabu, kwa mwingine ni kazi, kwa mwingine ni kisu. Hilo tungeliandika peke yake tungekuwa tumefanya jambo la maana. Hatukuliandika.

Kibirizi tulikwenda kwa siku alizochagua Mama Pili. Kwao ni kule, na alikuwa na uroho wake halali: alitaka tumletee dagaa wabichi. "Nendeni kesho, dagaa wanatoka," angesema, nasi tungekwenda, tukakuta mwalo, ule ufuko wa kushushia samaki, umejaa watu, wapagazi wanapiga kelele, wanawake wameinama juu ya vichanja vya kuanikia, mitumbwi imepaki pua mchangani na karabai zake zimening'inia zikiwa zimezimwa. Marit alifurahi. Mtu anayefanya kazi ya kuuliza watu hutaka kwenda mahali siku ambayo watu wapo. Hakuna kati yetu aliyeona kosa katika hilo, na nikiri kwamba hata leo, ningekuwa namfundisha mtumishi mpya, ningemwambia aende siku ya watu wengi.

Hapo ndipo tulipomjua Mwamini. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, wa zile familia za asili ya Kongo zilizoko kwenye mwambao huu tangu enzi za babu zao, na alianika dagaa na kuwauza kwa wachuuzi wa treni. Alimlea mtoto wa kike aitwaye Riziki, wa umri wa kuingia darasa la tatu, aliyemwita mama. Mwamini mwenyewe alitueleza bila kuulizwa kwamba ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Katika Kiswahili chetu Mwamini alikuwa mama mkubwa, na neno lenyewe limemaliza kila kitu. Katika karatasi ya Marit alikuwa mlezi asiye na hati. Mara ya kwanza tulimkuta Mwamini mchangani, akatupeleka nyumbani kwake, chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyounganishwa. Kulikuwa na kitanda kimoja, na kitanda hicho kilikuwa kimetandikwa kwa unadhifu ambao hata mimi niliuona si wa asubuhi ile.

"Riziki analala wapi?" aliuliza Marit.

"Hapa."

"Usiku wa jana alilala hapa?"

"Alilala," alisema Mwamini, akitazama mlango.

Tulipotoka tulimwona Riziki nyumba ya nne, kwa Bibi Tausi, mjane mzee, akisugua sufuria kwa mchanga. Nguo yake ya kubadilisha ilikuwa kwenye kamba ya Bibi Tausi. Tulirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena, kila mara dagaa walipokuwa wanatoka. Kila mara kitanda cha Mwamini kilikuwa hakijalaliwa, na kila mara Riziki alikuwa kwa Bibi Tausi, akichota maji, akifagia uwanja, akisugua sufuria. Kila mara Mwamini alisema analala hapa. Mara ya tatu Marit alimwuliza Riziki mwenyewe, naye akamtazama Mwamini kwanza, kisha akasema, "Hapa." Nilimwona mtoto akiutafuta uso wa mama yake kabla ya kujibu, na moyo wangu ulishuka kama ulivyoshuka wa Marit. Katika kazi yetu, mtoto anayetafuta ruhusa ya kujibu ni ishara. Tuliwahi kuona watoto waliogawiwa kwa watu ili watumike, na chuoni tulifundishwa kuwatambua kwa mambo haya haya.

Marit aliandika kwamba mtoto huyu apelekwe kwa muda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto pale mjini, mpaka ukweli ujulikane. Mkuu wetu wa ofisi alikubali upesi. Upesi ule ndio ulionitia wasiwasi, maana bwana yule hata ruhusa ya kwenda kuzika aliifikiria siku mbili. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa ofisi nikimsubiri, mlango wake ukiwa wazi, na msimamizi wa kituo hicho alikuwa ndani. Nilimsikia akisema, "Wageni wafadhili wanakuja kabla ya Pasaka, na vitanda vingi bado vitupu, mzee." Mkuu akamjibu, "Watapatikana." Sijui walikuwa wanazungumzia nini kingine. Inawezekana yalikuwa mazungumzo safi ya watu wawili wanaopenda watoto. Lakini niliyabeba mpaka nyumbani, na sikumwambia mtu, kwa sababu tayari nilikuwa nimejifunza kutomwambia mtu.

Nilitumwa mimi kumpelekea Mwamini habari: afike ofisini Jumatatu, aje na mtoto, na nguo za mtoto. Nilipokuwa natoka, Mama Pili aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Kibirizi.

"Leo? Utafuata nini? Ni mbalamwezi, hakuna dagaa."

"Sifuati dagaa."

"Haya. Basi utawakuta watu wako majumbani."

Nilishuka Kibirizi nikadhani nimepotea. Mwalo ulikuwa mtupu. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, wanaume wamekaa kwenye kivuli chake wakishona nyavu na kubishana juu ya mpira, vichanja vitupu kama vitanda vya hoteli iliyofungwa. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukijaa, taa ya mtu haiwavuti tena, na mwalo mzima hulala. Nilikuwa nimekula dagaa tangu nikiota meno na sikuwahi kuyafikiria hayo. Kule Mwandiga dagaa ni gunia linaloshuka kwenye gari. Kwenye safu ya akina Mwamini, mbele ya kila mlango mikeka na magodoro yalikuwa yameanikwa juani, na mbele ya kila mlango mama alikuwa na mtoto wake. Riziki alikuwa amekaa katikati ya magoti ya Mwamini, kichwa kimeinamishwa, anasukwa. Uwanja wa Bibi Tausi ulikuwa na kuku tu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, Mama Ustawi," alisema Mwamini bila kuacha kusuka. "Umekuja kuuliza analala wapi."

"Jana alilala wapi?"

"Hapa."

"Na juma lile tulilokuja?"

Hapo mikono ilisimama. "Mama Ustawi, nikisema hapa unaandika, nikisema pale unaandika. Nisemeje?"

Riziki, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeshikwa asiweze kumtazama mtu, ndiye aliyejibu, akizungumza na mchanga. "Tunalala kwa Bibi wakati wa giza. Sisi wote. Mimi na akina Zuhura na Mapenzi na Esta. Mama wakienda kupokea dagaa."

"Nyamaza," alisema Mwamini, kwa upole.

Kisha akanieleza. Giza likiingia, wanaume wako ziwani, na wanawake hushuka mwaloni usiku huohuo, wakasinzia mchangani wakiisubiri mitumbwi, maana anayechelewa hapati. Hakuna mama wa safu ile aliyekubali kumwacha mtoto wa kike peke yake nyuma ya mlango wenye komeo la msumari. Kwa hiyo wasichana wote hulala kwa Bibi Tausi, ambaye ana mlango wa mbao nene na usingizi mwepesi, na asubuhi humsaidia kazi, kwa sababu mtoto hanywi uji wa mtu kisha akaondoka ameweka mikono mfukoni. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia hayo mara ya kwanza. Alisema mwanamke mmoja wa Ujiji aliwaambia kwamba sisi tunachukua watoto wasiolala na mama zao.

"Na nyinyi mliuliza yeye analala wapi," alisema. "Mimi ninalala wapi, hamkuuliza."

Nilimpa habari ya Jumatatu kwa sababu ndiyo iliyonileta. Nikamwambia pia nitazungumza na wenzangu. "Zungumza," alisema, akarudi kwenye nywele.

Jioni ile nilieleza yote mezani, kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, nikaona nimeeleza vizuri. Marit alinisikiliza, akafuta vidole, akauliza swali moja. "Walijua kwamba unakwenda?"

Nilifikiri. "Mama Pili alijua."

Sote watatu tulitazama mlango wa jikoni. Huko nyuma sufuria iligongana na sufuria, kisha kukawa kimya.

"Basi wamejipanga," alisema Marit. "Nimeliona hili mara nyingi kwetu. Siku mzazi akijua unakuja, unakuta mtoto ameogeshwa na keki imepikwa."

"Mikeka ya safu nzima, Mama Marit? Magodoro ya watu wote?"

"Sijui. Na wewe hujui."

Kweli sikujua. Huo ndio ubaya wa shaka ikishakaa kwenye kiti: mtu asipokuwepo ni ushahidi, na akiwepo ni maigizo. Nilimgeukia Leonidas, nikitegemea msaada. Alikuwa ameinamia sahani. "Kwetu," alisema, "kila boma liko peke yake ndani ya migomba. Jirani yuko upande wa pili wa shamba. Mtoto akilala nje ya boma lao, ujue kuna jambo limetokea."

"Kwa hiyo unakubaliana nami," alisema Marit.

"Sijasema nakubaliana. Nasema naogopa kwa macho niliyokuja nayo."

Tuliafikiana mwishowe juu ya jambo lililoonekana la haki. Tungemwomba mkuu aahirishe wito mpaka giza lirudi, kisha tungekwenda sisi watatu alfajiri, bila kumwambia mtu, wala Mama Pili, tukaone kwa macho yetu. Mkuu alikubali kwa shingo upande. Mtu wa ofisi alipelekwa Kibirizi kumwambia Mwamini asije Jumatatu, angoje ataitwa. Nilifurahi sana. Nilidhani tumemnunulia muda. Miaka mingi ilipita kabla sijajiweka kwenye kile chumba cha kitanda kimoja na kuusikia ujumbe ule kama alivyousikia yeye: Serikali iliyosema Jumatatu sasa inasema si Jumatatu, na haisemi ni lini. Mtu mwenye ng'ombe akiambiwa hivyo na mwizi, analala macho.

Siku tuliyokwenda, ziwa lilikuwa limeanza kuwa la kijivu na mitumbwi ilikuwa inaingia. Tuliacha gari juu barabarani, tukashuka kwa miguu. Bibi Tausi alifungua mlango wake mnene kabla hatujabisha, jambo lililonithibitishia habari za usingizi wake. Hakuuliza tunataka nini. Alisogea tu, tukaona. Wasichana walikuwa wamelala mkekani, wamebanana, miguu ya huyu mgongoni mwa yule, chini ya khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Mmoja alikuwa binti wa mwenyekiti wa mtaa, mtu mwenye nyumba ya matofali na mtumbwi wa mashine. Marit alisimama pale mlangoni, mkono kifuani. Nilimwona anaelewa, naapa nilimwona. Kisha akazipitia sura zile moja moja.

"Riziki yuko wapi?"

"Riziki yupi?" aliuliza Bibi Tausi.

"Riziki wa Mwamini."

"Mwamini hana mtoto, mama. Amezaa lini?"

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Marit alinigeukia, nami nikamgeukia Bibi Tausi. "Bibi, mimi nilimwona hapa hapa, anasugua sufuria zako."

"Sufuria zangu zinasuguliwa na watoto wengi, mjukuu wangu. Kaeni, mnywe chai."

Tulikunywa chai ya tangawizi tukiwa tumekaa kwenye kibaraza chake, jua likipanda, na wanawake wakaanza kurudi mmoja mmoja, khanga zimelowa, magamba yaking'aa mikononi. Kila mmoja alitusalimu kwa heshima. Kila mmoja tulimwuliza. Mtoto gani huyo? Sisi hatumjui mtoto wa jina hilo. Labda mmechanganya na Ujiji. Mwamini? Mwamini amekwenda msibani ng'ambo, Kongo. Msiba wa nani? Wa ndugu. Msichana mdogo kabisa, aliyekuwa ameamka na kukaa mlangoni, alifungua kinywa kusema jambo. Yule mkubwa, nadhani ndiye Zuhura, akamtia kipande cha kiporo cha ugali mkononi, na kinywa kikapata kazi nyingine. Hapakuwa na uadui. Nimekaa katika mabaraza mengi ya watu wanaonidanganya, na sijaona tena uongo uliofumwa kwa mikono mingi hivyo bila mkono hata mmoja kutetemeka.

Ndani ya gari Marit alikuwa mwekundu. "Amekimbia," alisema. "Asiye na kosa hakimbii."

Leonidas alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka. "Mimi nilikimbia, Mama Marit," alisema. "Kosa langu lilikuwa nini?"

Tulirudi Mwanga. Mama Pili alikuwa amepika vitumbua. Aliviweka mezani, akatuuliza kama kule mwaloni kumeamka salama, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia tulikokwenda. Sikumwuliza kitu, naye hakuniambia kitu. Tulikaa nyumba moja mpaka mwisho wa mwaka hivyo hivyo, yeye akijua ninachojua.

Mwamini alirudi mvua zilipopungua, peke yake. Nilimkuta kwenye vichanja vyake nilipokwenda kununua dagaa wa kupeleka Mwandiga. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwuliza habari za ng'ambo. "Ng'ambo gani?" alisema, akanipimia, akaongeza gao moja la mkono juu, akanifungia. Nilitafuta usoni mwake alama yoyote ya mtu aliyefiwa na mtoto, na sikuiona. Niliona mtu anayemkumbuka mtoto aliye hai mahali fulani. Nilijua tofauti hiyo, au nilitaka kuijua, nikaondoka kabla sijaanza kuipima.

Mwisho wa mwaka Marit alitusomea mezani alichoandika kuhusu nchi zetu. Yalikuwa maandishi mazuri, yenye kututendea haki sehemu nyingi, na Leonidas alitikisa kichwa kukubali mara kadhaa. Ndipo akafika Kibirizi. Alisoma kwamba, tofauti na inavyosemwa kuhusu ujirani wa Kiafrika, kwenye mwambao huu mtoto anaweza kuishi kwenye safu ya nyumba, kisha akatoweka, na majirani wote wasijue hata jina lake. Aliinua macho. Alikuwa mtu mwaminifu, na sentensi ile ilikuwa inamsumbua.

"Veneranda," alisema, "wewe ni wa hapa. Ni sawa niliandike hivi? Kwamba majirani hawakumjua?"

Nilikuwa na jibu lote kinywani. Ningeweza kumwambia kwamba walimjua mpaka unyayo, kwamba kumkana ndiko kulikokuwa namna yao ya kumtunza, na kwamba nchi yake yote pamoja na simu zake na ofisi zake haikuwa na safu moja ya wanawake kama ile. Angefurahi kulisikia. Angelifuta la kwanza, akaliandika hili kwa herufi nzuri, nakala moja ingekwenda Norwe na nyingine ingekwenda mezani kwa mkuu wetu, ambaye bado alikuwa na vitanda vitupu, na siku moja ya giza gari lingeshuka Kibirizi kuwauliza wanawake wale, kwa majina, walimficha wapi mtoto. Leonidas alikuwa ameacha kula. Jikoni hapakusikika hata kijiko.

"Andika," nilimwambia. "Ndivyo walivyosema."